Sahani ya Senti Kumi

Pilipili kavu nzuri haivunjiki. Ukiikunja inapinda kama ngozi laini, ukiiachia inarudi polepole. Ikikatika kama jani la mwembe lililolala juani, ujue imekaa dukani miezi mingi na harufu yake imekwenda zake. Jambo hili nilifundishwa na bibi mmoja wa Kimexico katika duka la viungo hapa San Antonio, mwaka wangu wa pili Marekani. Mimi sikuwa na Kihispania, yeye hakuwa na Kiingereza. Aliniona nachota pilipili kwa viganja kama mtu achotaye mchele, akanishika mkono, akatoa moja niliyokwisha kuitia mfukoni na kuivunja mbele ya macho yangu. Kisha akachagua nyingine, akaipinda, akanipa niinuse. Ilinukia zabibu kavu, tumbaku, na kitu kama ukwaju. Mama yangu alikuwa akifanya vivyo hivyo kwa papa mkavu pale sokoni Tanga: hanunui mpaka ampinde, na muuzaji akinuna, anune.

Pilipili ile inaitwa ancho, nami naitumia kupikia chili. Chili ni mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe, pilipili kavu, kitunguu saumu, bizari nyembamba na majani ya oregano, unaotokota hadi nyama ilainike na mafuta mekundu yapande juu. Jina lake kamili ni la Kihispania, chili con carne, yaani pilipili na nyama, na mpangilio wa maneno hayo ni wa kweli, kwa kuwa pilipili ndiyo inayotangulia. Wengi wa nyumbani walioionja waliionja kutoka kwenye kopo, ikiwa na maharage mekundu na nyanya tele. Hapa Texas, ukitia maharage ndani ya sufuria ya chili umeanzisha ugomvi. Mwaka 1977 bunge la jimbo hili lilipitisha azimio la kuitangaza chili kuwa chakula rasmi cha Texas.

Kwa miaka kadhaa niliamini ni chakula cha wanaume. Kila picha niliyoiona, kwenye kopo au ukutani hotelini, ilikuwa na mchunga ng'ombe mwenye kofia pana ameinamia chungu cha chuma jangwani. Mashindano makubwa ya kuipika hufanyika Terlingua, kijiji cha machimbo yaliyokufa karibu na mpaka wa Mexico, na yalianza mwaka 1967 kwa pambano la wanaume wawili waliokuwa wakibishana nani anajua chili zaidi: Wick Fowler, mwandishi wa habari wa Texas, na H. Allen Smith, mwandishi wa vitabu vya kuchekesha kutoka New York. Waamuzi walikuwa watatu. Mmoja akampa kura huyu, mmoja akampa yule, wa tatu akasema ulimi wake umeungua, hawezi kuamua. Hadithi hiyo inapendwa sana huku. Nami niliipenda, mpaka siku niliyoulizwa swali na bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia.

Kazi yangu ni kuwatunza wazee. Bibi huyo alikuwa ameshapita miaka tisini, mzaliwa wa upande wa magharibi wa mji huu, akili yake kali kama wembe. Mchana mmoja nilifungua bakuli langu la chili karibu na dirisha lake. Akanyanyua pua.

"Bizari uliikaanga kabla ya kuisaga?"

"Niliikaanga, mama."

Akaniambia kwamba bibi yake aliuza chili uwanjani, usiku, na kwamba yeye, akiwa mtoto wa shule, alikuwa muosha vyombo wake. Nikamwambia kwamba mama yangu naye alikuwa mama ntilie, na nikamfasiria neno hilo: nitilie, mama, nitilie wali, nitilie mchuzi. Nilidhani ataniuliza mama alikuwa akipika nini. Hakuuliza. Aliuliza:

"Maji ya kuoshea sahani aliyatoa wapi?"

Hilo ni swali la mtu aliyeifanya kazi. Mteja hukumbuka mchuzi. Aliyekuwa nyuma ya meza hukumbuka ndoo. Mama alikuwa na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na kadiri jioni ilivyosonga ndivyo ile ya kusuuzia ilivyofanana na ya sabuni. Maji yalinunuliwa kwa mwenye mkokoteni, na kila dumu lilikuwa ni sahani kadhaa za faida zilizokwenda. Bibi yule akatikisa kichwa. Maji ya bibi yake yalitoka nyumbani, juu ya gari moja na vyungu.

Kuanzia siku hiyo nikaanza kuusoma mji huu upya.

San Antonio ulianza mwaka 1718 kama kituo cha wamisionari na askari wa Hispania. Mbele ya kambi ya askari hao pakaachwa uwanja wa kufanyia gwaride, Plaza de Armas, uwanja wa wanajeshi, na jina hilo linatumika hadi leo kwa Kiingereza, Military Plaza. Mwaka 1731 wakaletwa watu 56 kutoka Visiwa vya Kanari, karibu na pwani ya Moroko, wakapata uwanja wao jirani na ule wa wanajeshi, na kati ya viwanja hivyo viwili likasimama kanisa la San Fernando. Husimuliwa hapa kwamba wanawake wa Kanari ndio walioifundisha San Antonio kutia bizari nyembamba nyingi kwenye mchuzi wa nyama, kama wafanyavyo watu wa Afrika Kaskazini. Mimi simulizi hiyo naipokea kama simulizi. Pua yangu hata hivyo inaiamini: siku ya kwanza niliyoisikia harufu ya chili ikitoka jikoni kwa mtu, nilisimama barabarani nikitafuta pilau.

Mwaka 1828, Texas ikiwa bado ni sehemu ya Mexico, alipita msafiri mmoja aliyeitwa J. C. Clopper. Aliandika kwamba familia zisizo na fedha nyingi hununua nyama kidogo sokoni, huikatakata vipande vidogo, kisha huipika pamoja na pilipili zinazokaribia kulingana na vipande vyenyewe kwa idadi. Ni kati ya maandishi ya zamani kabisa yanayokielezea chakula hiki hapa mjini, nami nayathamini kwa sababu yanaonyesha kazi ya pilipili. Haikuwekwa ili kumpima mtu ushujaa. Iliwekwa ili nyama ya watu wawili iwatoshe watu saba. Mwanamke yeyote aliyewahi kuongeza maji kwenye mchuzi na kuufidia kwa pilipili na ndimu anaielewa hesabu hiyo bila kusoma kitabu.

Baada ya Texas kujitenga na Mexico mwaka 1836 na kuingia Marekani mwaka 1845, San Antonio ukawa mji wa askari, wachunga ng'ombe na wenye magari ya mizigo. Mchana, Military Plaza ulijaa kuni, nyasi za farasi, mboga, kuku, na ndege wa nyimbo ndani ya vitundu. Jua likitua, wauza mboga walifunga, na wanawake wa Kimexico wakaingia. Walitoka mitaa ya ng'ambo ya kijito cha San Pedro, mitaa iliyoitwa Laredito na Chihuahua, ambako walikuwa wameshinda jikoni kwao wakipika tangu asubuhi. Chungu kikipoa njiani, kiliwekwa juu ya moto wa mesquite, mti wa miiba wa hapa, ambao makaa yake yanadumu kama ya mkwaju. Walipanga meza ndefu na mabenchi, wakatandika kitambaa, wakaning'iniza fanusi zenye vioo vya rangi ili kila mwenye meza ajulikane kwa mbali. Sahani ya chili, na maharage pembeni, na mkate au tortila, yaani chapati ya mahindi, ilikuwa senti kumi. Angalieni neno hilo, pembeni. Maharage yalikuwepo tangu zamani, ila katika sahani yalikaa kando.

Reli ilipofika mwaka 1877 ikaleta wasafiri waliotaka kuona Mexico bila kuvuka mpaka, na waandishi wa magazeti wakaja na kalamu zao. Wao ndio waliowaita wanawake wale malkia wa chili. Nimesoma kiasi cha maandishi yao. Yanataja macho meusi, ua kifuani, kicheko, wapiga gitaa wanaozunguka mezani. Stephen Crane, mwandishi wa riwaya, alipita mwaka 1895 na kukieleza chakula chenyewe kama tofali la tanuri lililotwangwa, kutoka Jehanamu. Nani alisaga pilipili, kwa mkono upi, kuanzia saa ngapi, hayo hayamo. Pilipili ya vyungu vile ilisagwa juu ya metate, jiwe la kusagia lenye miguu mitatu, mwanamke akiwa amepiga magoti. Mimi nimewahi kusaga nazi na viungo vya harusi juu ya jiwe, najua mgongo unavyosema kesho yake. Wale walifanya hivyo kila siku isipokuwa ya mvua.

Jina la malkia halikuwalinda. Mwaka 1889 ulianza ujenzi wa jumba la manispaa katikati ya Military Plaza, likakamilika mwaka 1891, na jumba hilo lingalipo. Meza zikahama kwenda Alamo Plaza, kisha viwanja vingine, na kila walipoonekana kuharibu sura ya mahali wakasogezwa, mpaka wakaishia karibu na soko la mboga na nyasi upande wa magharibi, ng'ambo ya kijito walikokuwa wakiishi tangu mwanzo. Mwaka 1893 banda la chili la San Antonio lilisimama kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Chicago, na watu wengi wa kaskazini wakaijua chili kuanzia hapo. Kwa hiyo ndani ya miaka michache wapishi waliondolewa uwanjani na chakula chao kikapelekwa Chicago kuutangaza mji.

Mwaka 1937 idara ya afya iliamua kwamba anayeuza chakula uwanjani lazima atimize masharti yale yale ya hoteli iliyo ndani ya jengo. Meza zikafungwa. Meya Maury Maverick, aliyechaguliwa mwaka 1939, aliwarudisha wapishi wale kwa muda mfupi, na kabla vita vya pili vya dunia havijaisha biashara ile ilikuwa imekwisha kabisa.

Nasema haya nikiwa mtu ambaye riziki yake inatokana na kuwakinga wazee wasipate maradhi. Nzi ninawajua. Ndoo ya kusuuzia iliyogeuka rangi naijua pia, niliinama juu yake utoto wangu wote. Upande wa magharibi wa San Antonio miaka ile ulikuwa na kifua kikuu kilichoua watu wengi, na nyumba nyingi hazikuwa na maji ya bomba wala choo cha ndani. Afisa wa afya aliyetazama sahani zikichovywa ndooni hakuwa anaota. Lakini aliyeosha sahani ndooni hakuipenda ndoo. Uwanja uliokuwa umelisha watu zaidi ya nusu karne ungeweza kuchimbiwa bomba moja, likawekewa karo la saruji, na kila mwenye meza akatozwa senti zake za maji. Kwangu mimi huo ndio moyo wa kisa hiki chote, na sijaweza kuusoma mwaka huo 1937 bila kusikia sauti ya vyungu.

Kwa sababu vya mama navyo vilimwagwa. Nilikuwa darasa la sita. Walikuja watu asubuhi, kabla wateja wa chai hawajamalizika, wakasema mahali pale si pa chakula. Hawakumpiga wala hawakumtukana. Walimwaga tu. Wali ulitawanyika mchangani, maharage yakatiririka hadi kwenye mtaro, na sufuria kubwa ya mchuzi wakaipandisha garini ikiwa bado ina moto. Mama aliwafuata akiomba arudishiwe sufuria, si chakula. Ilikuwa ya kuazima.

Miezi michache tu baada ya meza za San Antonio kufungwa, mwezi Januari 1938, wabangua pikani wapatao 12,000 wa mji huu, wengi wao wanawake wa mitaa ile ile ya magharibi, waligoma walipopunguziwa malipo. Pikani ni kokwa tamu inayofanana kidogo na korosho kwa kazi yake: kuipata lazima uvunje ganda gumu, na wao walilivunja kwa mkono. Aliyesimama mbele yao alikuwa msichana wa miaka 21, Emma Tenayuca. Bibi yangu yule wa dirishani alilitamka jina hilo kama mtu anayemtaja shangazi. Mama yake bibi huyo alikuwa mmoja wa wagomaji. Meza ilipofungwa, wanawake wa nyumba yao walikwenda kubangua pikani.

Fedha ya chili ilikwenda kwingine. William Gebhardt, mhamiaji wa Kijerumani aliyekuwa na mkahawa New Braunfels, kilomita 50 hivi kutoka hapa, alikuwa na tatizo la kweli: wateja wake waliitaka chili mwaka mzima, na pilipili zilifika kutoka Mexico kwa msimu. Akazikausha na kuzipitisha mara tatu kwenye mashine ya kusagia nyama, akachanganya viungo, akapata unga unaokaa. Mwaka 1896 aliusajili unga huo kwa jina la Eagle Brand, akajenga kiwanda San Antonio. Mjini Fort Worth, DeWitt Clinton Pendery naye alikuwa akiuza mchanganyiko wake miaka hiyo hiyo. Huko Corsicana, Lyman Davis alianza mwaka 1895 kuuza chili juu ya gari la farasi, bakuli senti tano, baadaye akaitia kwenye makopo na kuyapa jina la mbwamwitu wake aliyemfuga. Sina kinyongo na werevu wao. Unga wa Gebhardt ndio ulioivusha chili hadi kwenye majiko ya watu ambao hawajawahi kuona ancho. Ninachokiona ni kwamba wanaume hao nawajua kwa jina na ukoo, na wanawake waliolisha uwanja kwa zaidi ya miaka 60 nawajua kwa wingi wao tu, malkia.

Jambo la manufaa kwa mpishi wa nyumbani hapa: unga wa chili unaouzwa kwenye vichupa vya Kimarekani si pilipili tupu. Ndani yake mna bizari nyembamba, oregano, saumu, mara nyingi na chumvi. Nilipomtumia dada yangu kichupa, aliutia kwenye kachumbari, akanipigia simu kuniuliza kwa nini kachumbari inanukia biriani.

Na ladha za njiani ni nyingi. Mjini Cincinnati, mwaka 1922, ndugu wawili wahamiaji wa Kimakedonia, akina Kiradjieff, walianza kuuza chili yenye mdalasini na viungo vitamu, ikamwagwa juu ya tambi. Watu wa Texas hukasirika wakiisikia. Mimi niliila nikanyamaza, kwa sababu ilikuwa imekaribia sana nyumbani kwetu.

Pilipili yenyewe pia ni msafiri, na jina letu linaonyesha alikopita. Kabla Wareno hawajafika pwani yetu, pilipili ilikuwa ni ile ya punje nyeusi, iliyoletwa na majahazi. Neno lenyewe ni ndugu wa pelpel ya Waajemi na filfil ya Waarabu. Ilipokuja pilipili ya Amerika, ambayo watu wa Mexico walikuwa wameilima maelfu ya miaka na kuiita chilli kwa Kinahuatl, tuliipa jina la zamani, na ile ya zamani tukaiongezea sifa ya kule ilikotoka, pilipili manga, Manga ikiwa ni Arabuni. Wahispania walifanya karibu hivyo hivyo: pilipili manga kwao ni pimienta, mgeni wakamwita pimiento. Kila pwani iliuonja moto huo mpya ikautafutia ndugu.

Nyuma ya nyumba yangu, chini ya uzio, kumeota mpilipili ambao sikuupanda. Ni chiltepin, pilipili mwitu ya hapa, ndogo na ya mviringo kama punje ya manga. Ndege ndio wanaoupanda, kwa sababu ndege hausikii ukali. Hula, huruka, hutua juu ya uzio na kudondosha mbegu. Tanga, nyuma ya jiko la mama, palikuwa na pilipili kichaa iliyojiotea kwa njia hiyo hiyo. Mimea hiyo miwili si mmoja, ni mabinamu. Lakini nilipouona ule wa kwanza nilichuchumaa pale kwenye nyasi kwa muda.

Ninavyopika ni hivi. Nyama kilo moja na nusu ya bega, kutoka kwa mchinjaji wa Kiislamu, naikata vipande vya ukubwa wa kifundo cha kidole gumba. Nyama ya kusaga ni ya haraka ila inageuka uji. Ancho sita na guajillo nne, ambazo ni nyembamba, nyekundu na chachu kidogo, nazitoa vikonyo na mbegu, nazibandika juu ya kikaango kikavu sekunde chache kila upande. Hapo usiitikie simu. Ikinukia, itoe; ikitoa moshi, imekwisha, na uchungu wake hakuna sukari itakayouondoa. Naziloweka kwenye maji ya moto nusu saa, nazisaga kwenye blenda pamoja na saumu punje saba. Jiwe ninalo, ila mgongo sina tena.

Wapishi wa uwanjani walitumia mafuta ya nguruwe au ya ng'ombe. Mimi nayeyusha shahamu ya ng'ombe, nakaanga nyama kidogo kidogo mpaka ipate rangi ya kahawa, naiweka kando. Kisha ndani ya mafuta hayo hayo namimina pilipili iliyosagwa. Hapa ndipo chili inapozaliwa. Ukali na rangi ya pilipili huyeyuka ndani ya mafuta zaidi kuliko ndani ya maji, kwa hiyo ukiikaanga hadi mafuta yajitenge kando, kama unavyofanya nyanya ya mchuzi wa samaki, kila kipande cha nyama kitafikiwa. Bizari vijiko viwili vidogo, imekaangwa na kutwangwa. Oregano ya Mexico kijiko kimoja, imesuguliwa viganjani. Chumvi, maji ya kufunika nyama, moto mdogo, saa tatu. Chiltepin nne au tano natia mwishoni, pamoja na mkono wa masa, unga wa mahindi yaliyochemshwa na chokaa, ili mchuzi ushikane. Sitii nyanya. Maharage napika sufuria yake.

Jumapili wanakuja majirani kutoka Uvira, Kongo, familia ya watu saba waliopitia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya Kigoma, kabla ya kuletwa huku. Mara ya kwanza baba wa nyumba alionja, akatafuna, akasema, "Mama, hii pilipili iko muzuri, lakini haiko kali." Nikamletea kisahani cha chiltepin zilizopondwa kwa ndimu. Alikula jasho likamtoka kipajini, mkewe akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Wao huila kwa ugali. Mimi kwa wali. Watoto wanaifunga ndani ya tortila, kama wenzao wa shule.

Bibi wa dirishani alikuwa ameshaionja kabla hajafariki. Nilimpelekea kidogo kwenye kikombe, bila ukali, kwa sababu ya tumbo lake. Alikula vijiko vitatu, akasema bizari imezidi, akaendelea kula.

Sahani zikiisha kuliwa ni nyingi, bakuli kumi, vijiko, sufuria mbili zenye mafuta mekundu yaliyogandia pembeni. Binti mkubwa wa Uvira huosha, mimi nakausha. Anaacha bomba likimiminika muda wote anaosha, maji ya moto, mvuke unapanda hadi dirishani, nami simwambii alifunge.